Kwa Profesa Anayewania Umakamu Mkuu wa Chuo

Tanzania, Mkuu wa Chuo ndiye anayetunuku shahada siku ya mahafali. Anayeamka na matatizo ya chuo kila asubuhi ni Makamu wake, na ushauri huu unahusu kiti hicho cha pili.

Ngazi zinajulikana: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, njiani ukuu wa idara, uamidi wa kitivo au urasi wa ndaki (kuongoza koleji ndani ya chuo), kisha unaibu wa Makamu Mkuu. Pius Msekwa, Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, alipitia ukatibu wa Bunge na wa TANU, lakini siku hizi usitegemee njia hiyo.

Wengi hukwama kwenye fedha. Mtu ana machapisho ya kutosha, ila taarifa ya hesabu hawezi kuisoma. Angalau miaka miwili kabla ya kuomba, ingia kamati ya fedha au ya zabuni ya chuo chako, na uzisome ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) za miaka mitatu mfululizo, hasa hoja zinazojirudia.

Ukishapata kiti, kosa la kwanza ni bajeti ya matumaini. Tuseme una wanafunzi 4,000 na ada ni shilingi 1,300,000: kwenye karatasi una bilioni 5.2. Kama mwaka jana ulikusanya asilimia 70, panga kwa bilioni 3.64. Ile bilioni 1.56 iliyobaki ndiyo huzaa madeni ya wahadhiri wa muda, wasimamizi wa mitihani na wazabuni wa chakula. Chora jedwali la miezi 12, ada iingiayo juu, malipo chini. Ada ya wanaosomeshwa na Bodi ya Mikopo iandike mwezi inaofika kweli, hata kama muhula umeanza zamani. Usisaini mkataba wa jengo kabla jedwali halijakuonyesha mwezi wa kulipa.

Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, likichelewa, usitaje tarehe ambayo Bodi haijakupa kwa maandishi. Ahadi ikivunjwa mara mbili, serikali ya wanafunzi haiwezi tena kuwatuliza wenzao. Bandika tangazo lenye sahihi yako siku hiyohiyo: orodha ya wanufaika ilitumwa lini, majina mangapi yana kasoro, nani anayarekebisha na yuko ofisi gani. Mwanafunzi mwenye njaa anastahili majibu hayo kabla ya uvumi kumfikia.

Seneti, kikao kikuu cha taaluma chuoni, nayo isipelekewe matokeo ambayo bodi ya mitihani ya ndaki haijayapitia jina kwa jina. Kuyafuta baada ya kuyatangaza ni kesi mahakamani.

Mageuzi chagua mawili tu. Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme, alishika Umakamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1991, baada ya mgomo wa 1990 uliokifungisha chuo. Programu ya mageuzi ilianza 1994, naye aliondoka 2006. Wewe huenda usipate miaka 15, kwa hiyo faili la makabidhiano lifungue wiki ya kwanza: mikataba, kesi, madeni, na tarehe ambazo ithibati ya kila programu kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakwisha.