Grasse ilianza na ngozi, siyo maua
Mtu akiuliza kama Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa, ulijulikana kwanza kwa manukato, jibu ni hapana. Ulikuwa mji wa watengeneza ngozi tangu zama za kati, na ngozi zao zilinuka vibaya. Karne ya 16 glavu za kunukia zikawa fasheni kutoka Italia na Hispania, ndipo mafundi wakaanza kutia ngozi harufu ya maua. Ushahidi mzuri wa glavu na manukato kwenda pamoja ni wa Paris: mwaka 1614 mfalme Louis XIII aliwaruhusu watengeneza glavu wajiite pia watengeneza manukato. Ila ile hadithi kwamba Catherine de' Medici, Mwitaliano aliyeolewa na mwana wa mfalme wa Ufaransa, ndiye aliyeleta manukato Ufaransa mwaka 1533 msiimeze nzima; yeye aliyapa umaarufu tu, yalikuwepo kabla yake.