Kabla hujamnunua Brahma, geuza manyoya yake

Kuku wa aina ya Brahma hafai kununuliwa kwa picha. Najua ndivyo biashara inavyokwenda siku hizi: muuzaji anarusha picha ya jogoo mnene mwenye miguu ya manyoya, wewe unatuma hela, kuku anapakiwa kwenye basi. Picha inakuonyesha tabaka la juu tu. Mambo mengi ya muhimu yako chini yake, na hutayaona mpaka umshike kuku na kuyapuliza manyoya yake yafunguke.

Hapa nazungumzia Brahma mweupe mwenye shingo na mkia mweusi, kwa kuwa ndiye ninayemfuga. Aina hii ilitengenezwa Marekani kutokana na kuku wakubwa walioletwa kutoka China miaka ya 1840, na huko ndiko vigezo vyake vilikoandikwa rasmi mwaka 1874. Mwili unatakiwa uwe mweupe, mkia mweusi, na manyoya marefu ya bawa yawe na weusi ambao bawa likifungwa karibu wote unafichika. Ukimwona kuku anatembea huku ametulia, huwezi kujua kama bawa lake lina weusi wa kutosha. Lifungue.

Mimi huanza na shingo. Shika unyoya mmoja katikati ya vidole viwili: katikati uwe mweusi ti, wenye mng'ao wa kijani ukiuelekeza kwenye jua, na ukingo mweupe uuzunguke weusi huo bila kukatika. Ukingo ukiwa na moshimoshi, shingo nzima kwa mbali huonekana chafu hata kama kuku ametoka kuogeshwa. Kisha fungua manyoya ya mgongoni mpaka uione ngozi. Ukikuta kijivu huku chini, usimwite chotara. Kijivu hicho kinakubalika kabisa, na mimi nakipenda, kwa sababu kuku wangu wasio nacho ndio ambao shingo na mikia yao hufifia.

Umanjano kwenye manyoya meupe ndio unaoleta ubishi mwingi, na hapa nataka twende polepole. Sababu zake ziko tatu na dawa zake hazifanani. Jua la mchana huchoma weupe wa mgongo na mabega. Mahindi ya njano, kuku akila wakati manyoya mapya yanachipua, nayo huacha rangi. Ya tatu ni damu, yaani urithi kutoka kwa wazazi. Kuzitofautisha, inua unyoya wa juu uangalie sehemu iliyofunikwa na mwenzake: kama chini ni nyeupe safi na njano iko nje tu, hilo ni jua, na manyoya yajayo yatatoka meupe ukimpa kivuli. Njano ikiingia hadi kwenye sehemu iliyofunikwa, uliza analishwa nini. Mahindi yetu mengi ni meupe, kwa hiyo mara nyingi jibu linabaki kwenye damu, hasa kwa jogoo mwenye mabega ya rangi ya majani makavu. Jogoo anaweza kubeba urithi wa weupe na wa dhahabu kwa pamoja, akaonekana mweupe kiasi cha kudanganya. Tetea hubeba mmoja tu kati ya hiyo miwili. Jogoo wa namna hiyo ukimpandisha, nusu ya watoto wake watarithi ule wa dhahabu. Mpende, mfuge, lakini usimfanye jogoo wa mbegu.

Na usihukumu rangi ya kuku wa miezi mitatu. Madoa meusi ya mgongoni katika umri huo mara nyingi huondoka na manyoya ya utotoni. Brahma hukua taratibu, vuta subira.

Ubora wa unyoya wenyewe ni habari nyingine. Tandaza bawa uliangalie dhidi ya mwanga. Mistari myembamba inayokata manyoya yote kwa usawa mmoja ina maana kuku alipata shida wakati yanaota: njaa, ugonjwa, au safari ndefu. Unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo kuku anayepukutisha manyoya akilishwa pumba tupu atavaa manyoya dhaifu mpaka atakapopukutisha tena. Mimi wakati huo huongeza dagaa na mashudu ya alizeti. Dagaa wachague vizuri, wa sokoni wengine wamejaa mchanga.

Miguuni manyoya yashuke hadi kidole cha nje na cha kati. Yale marefu na magumu yanayochomoza kwenye kifundo kuelekea nyuma ni kasoro. Kwa viwango vya Marekani yanamtoa kuku mashindanoni. Manyoya yaliyokatika kwa tope la masika hayanisumbui, yataota mengine. Ninachokitafuta ni ukurutu, kwa kuwa manyoya ya miguu huuficha vizuri sana. Yatenganishe kwa vidole: magamba yakiwa yameinuka na yana ungaunga mweupe chini yake, utitiri umeshaingia. Kuku huyo simwingizi bandani kwangu, hata shingo yake iwe nzuri vipi, mpaka muuzaji amtibu kwanza.