Mnaoanza kuarenji Baroque, anzeni na besi

Naona vijana kadhaa siku hizi mnataka kuchukua mziki wa Baroque (ule wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750) na kuupanga upya kwa vikundi vidogo vya ala za kisasa, nafurahi sana kwa kweli, ila nawaomba msianze na melodi. Anzeni na besi, yaani mstari wa sauti za chini kabisa. Mziki ule umesimama juu ya besi, na mara nyingi chini ya noti zake utakuta namba tu, 6, 7, 4 3, hizo zinaonyesha kodi (chords, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ambazo mpiga hapsikodi, kinanda cha zamani chenye nyuzi zinazodonolewa, alikuwa anazijaza mwenyewe papo hapo, sasa kwenye kundi lako hapsikodi haipo, nani anazijaza? Hilo ulijibu kabla hujaandika noti hata moja.

Kwa kujifunza chukua Goldberg Variations za Bach, zilichapishwa 1741 kwa hapsikodi ya kibodi mbili, kisha sikiliza mpiga fidla Dmitry Sitkovetsky alivyozipanga miaka ya 1980 kwa fidla, viola na selo. Zimekubali vizuri mno, na sababu unaiona kwenye karatasi: kila variesheni (wazo lile lile likigeuzwa kwa namna nyingine) ya tatu, kuanzia ya 3 mpaka ya 27, ni kanoni, yaani sauti moja inaanza na nyingine inaifuata ikiiga melodi yake, na karibu zote zina sauti mbili zinazofukuzana na besi chini yao (ya 27 pekee ndo haina besi). Sauti tatu, watu watatu.

Halafu kuna hili la noti kufa. Uzi wa hapsikodi ukishadonolewa sauti inaanza kupotea hapo hapo, mapambo (zile noti ndogo za haraka zinazozunguka noti kuu) yanasaidia noti ndefu isizame, lakini selo inashika noti muda wote upinde unapotembea kwa hiyo mapambo mengine unaweza kuyapunguza, usiyanakili yote kwa woga. Na ukitoa kitu kwenye kinanda cha kanisani ukampa mtu wa klarineti au fluti, jamani huyo anapumua! Mwandikie pa kuvuta pumzi.

Ufunguo nao (key, ile B maina au A maina ya wimbo) hamisheni bila hofu. Bach mwenyewe alichukua konseto (kipande cha wapigaji wakuu wakiwa na okestra) ya Vivaldi ya fidla nne, iliyochapishwa 1711, akaifanya ya hapsikodi nne na akaishusha kutoka B maina hadi A maina.

Ukimaliza, kabla hujawagawia wapigaji, imba kila mstari mwanzo mpaka mwisho, hasa wa viola maana ndo unaosahaulika, ukiona unaboreka kuuimba basi rudi uuandike tena.