Mnara uliokatika kichwa

SWALI: Assalaam alaykum Bibi. Ndani ya albamu ya marehemu babu nimekuta picha isiyo ya rangi, ya mnara wa kanisa uliokatika juu, mawe yote meusi. Pembeni yake pana mnara mwingine, mpya, wa vijidirisha vidogo vya mraba kuanzia chini hadi juu. Nyuma ya picha hapakuandikwa neno. Babu alisoma Leipzig miaka ya sitini, na mjomba anashikilia kuwa kanisa hilo ni la huko, lilipigwa na radi. Naambatanisha nakala. – Mjukuu, Michenzani

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mjomba msalimie, lakini hapo kateleza. Hiyo ni Berlin, upande wa Magharibi, na kanisa ni Kaiser-Wilhelm-Gedächtniskirche. Radi haihusiki. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Novemba 1943 ndege za Uingereza ziliupiga mji mabomu, kanisa likashika moto, paa likaporomoka na ncha ya mnara ikakatika. Mnara wa mita 113 ukabaki kama 70. Watu wa Berlin, kwa utani wao, wanauita jino lenye tundu.

Ila usidhani weusi wote ule ni wa usiku mmoja. Masizi ya moto hupandia juu ya matao ya madirisha, pale ulimi wa moto ulipotokea. Weusi uliotanda hadi kwenye kona zisizo na dirisha mara nyingi ni moshi wa makaa ya mawe, ambao miji ile iliuvuta miaka na miaka.

Kwangu mimi, utamu wa picha uko kwenye huo mnara mpya. Msanifu wake, Egon Eiermann, alitaka gofu lote libomolewe. Wenyeji wakaja juu, naye ikabidi aliache na kujenga kulizunguka. Vijidirisha unavyoviona ni vioo vya buluu vilivyotengenezwa Chartres, Ufaransa. Mchana ukiwa nje huioni buluu yake, lazima uingie ndani. Kanisa jipya liliwekwa wakfu tarehe 17 Disemba 1961. Na upande wa mashariki, ambako kwenye nakala yako naona mawingu tu, mwaka 1965 lilifunguliwa jengo refu la Europa-Center, lenye nyota kubwa ya Mercedes juu yake. Basi picha imepigwa katikati ya miaka hiyo.

Utaniuliza, mwanafunzi wa Leipzig, mji wa Ujerumani Mashariki, alifikaje Magharibi, na ukuta wa Berlin ulishajengwa tangu Agosti 1961? Ukuta ule ulikusudiwa kuwazuia Wajerumani wa Mashariki. Mgeni mwenye paspoti ya kwao alikuwa na upenyo ambao mwenyeji hakuwa nao.

Kama babu aliipiga mwenyewe, hilo nakala haiwezi kuniambia. Kadi ya posta huwa na mistari ya anwani nyuma. Yako ni tupu, kwa hiyo huenda ni picha ya kusafishwa studio. Iinamishe dirishani, mwanga uipitie kwa ubavu, utafute chapa hafifu ya karatasi upande wa nyuma. Ukiona ORWO, jina hilo kiwanda cha filamu cha Wolfen, Ujerumani Mashariki, kililianza 1964. Niandikie ukiliona. Na zile zilizogandia kwenye albamu, tafadhali usizibandue kwa kisu.