Kaka Yangu Ndiye Aliyeiba, Mtumishi Yuko Mahabusu: Je, Ninyamaze?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Jirani yetu mjane aliibiwa bangili za dhahabu na fedha alizoachiwa na marehemu mumewe. Akashukiwa kijana anayemfanyia kazi za ndani, yatima asiye na jamaa wa kumsemea. Watu walimpiga mpaka akakiri, na sasa yuko mahabusu anasubiri kesi. Usiku ule mimi nilimwona kaka yangu akifungua kitambaa chumbani kwake, nikaziona bangili zile zile. Mama ameniambia kumsitiri ndugu ni thawabu, na kwamba nikisema hatakuwa radhi nami. Sijaitwa na polisi wala mahakama. Je, nikinyamaza nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Naam dada yangu, ukinyamaza una dhambi, na inazidi kila siku kijana huyo anapoamkia ndani. Nakuambia waziwazi kwa kuwa jambo lenyewe halingoji.

Tuanze na sitara, maana hapa wengi huteleza. Ni kweli Mtume (S.A.W.) amesema anayemsitiri Mwislamu, Allah atamsitiri duniani na Akhera, hadithi hiyo ameipokea Muslim. Lakini wanavyuoni wameieleza kwa mtu aliyekosea baina yake na Mola wake, na hakuna mja aliyedhulumiwa kwa kosa hilo. Kaka yako ana haki za watu wawili shingoni: mali ya mjane na uhuru wa yatima. Ukimfunika yeye, nguo umemvua mwingine.

Na haya yalishatokea Madina, Mtume akiwa hai. Wafasiri wanasimulia kuwa Tu'ma bin Ubayriq aliiba deraa (vazi la chuma la vitani) ya jirani yake iliyokuwa ndani ya mfuko wa unga. Mfuko ulikuwa na tundu, unga ukamwagika njiani. Akaipeleka deraa kwa Myahudi mmoja aitunze, na ilipokutwa huko, Myahudi ndiye akaonekana mwizi. Ukoo wa Tu'ma, nao wakijua alichofanya, wakaenda kwa Mtume kumtetea mtu wao. Allah akateremsha aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105, zenye kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wahaini. Aya ya 112 inasema: "Na mwenye kufanya kosa au dhambi kisha akamsingizia asiye na kosa, basi huyo amejitwika dhulma na dhambi iliyo wazi." Tazama aliyetakaswa na Qur'ani hapo: mtu wa dini nyingine, asiye na ukoo wa kumtetea mbele ya Waislamu. Basi itakuwaje kwa yatima wa nyumba ya jirani yako?

Utaambiwa, "Mbona mwenyewe alikiri?" Alikiri akipigwa. Abu Dawud amepokea kwamba watu walioibiwa waliwatuhumu wafumaji wa nguo, wakawapeleka kwa sahaba Nu'man bin Bashir. Akawazuia siku kadhaa, kisha akawaachia. Wenye mali wakalalamika: umewaachia bila kuwapiga? Akawajibu: mkitaka nitawapiga, mali yenu ikipatikana, sawa, na isipopatikana nitawapiga ninyi migongoni mwenu kama nilivyowapiga wao. Akasema hiyo ndiyo hukumu ya Allah na Mtume wake. Wote waliompiga kijana huyo wana deni kwake, hata kama walidhani wanamsaidia mjane.

Kuhusu kutoitwa: Mtume amesema mbora wa mashahidi ni yule anayeleta ushahidi wake kabla hajaombwa (Muslim). Wanavyuoni wamesema hiyo ni pale mwenye haki hajui kuwa ana shahidi, na kijana huyo hajui kuwa uliona. Wala usiseme mahakama hii si ya sharia. Dhulma huondolewa pale inapoweza kuondolewa.

Mama yako ana haki kubwa, na najua neno "radhi" linavyomtetemesha mtoto. Lakini Allah amesema katika Nisaa 135 tutoe ushahidi kwa ajili yake, "ingawa ni juu ya nafsi zenu, au wazazi wawili na jamaa zenu." Mtume amesema utii ni katika mema tu. Mvumilie, mhudumie, usimjibu kwa ukali, ila katika hili usimtii. Huyo ni mama anayeogopa kumpoteza mwanawe, mwonee huruma.

Kabla ya yote zungumza na kaka yako faraghani, leo hii. Mwambie toba ya wizi haitimii bila kurudisha mali, na kwamba akienda mwenyewe kukiri itakuwa bora kwake duniani na Akhera. Akikataa, au akaanza kukuzungusha, usimngoje. Nenda na mtu mzima unayemwamini kwa wakili wa kijana kama anaye. Kama hana, kwa mpelelezi au mwendesha mashtaka. Ukihofia usalama wako, waambie hilo mwanzo kabisa.

Na ukisimama kutoa ushahidi, sema uliyoyaona tu. Ndugu zake Yusuf walisema: "Nasi hatutoi ushahidi ila kwa tunayoyajua." Wewe ulimwona kaka yako na bangili, usiku fulani, chumba fulani. Hukumwona akiiba. Usiongeze kwa hasira wala usipunguze kwa huruma. Kupima ni kazi ya hakimu. Mjane naye ana haki ya kujua mali yake ilionekana wapi, maana akifungwa asiyeiba, yeye anabaki bila bangili na bila aliyemdhulumu. Akitaka kumsamehe kaka yako baada ya hapo, hilo ni lake, lakini hawezi kusamehe asichokijua.

Wallahu a'lam.