Kielelezo Kinazunguka Kama Pia

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimeunda kielelezo cha boti ya mita 10, nikapunguza vipimo mara 10, kikatoka na urefu wa mita 1. Boti yenyewe itakuwa na tani 4. Nikigeuza usukani kwa rimoti, kielelezo kinazunguka kama pia. Je, na boti itageuka hivyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuanza na kielelezo kabla ya kukata mbao. Ila mzunguko huo usikufurahishe bado.

William Froude, mhandisi wa meli aliyejenga hodhi la kujaribia vielelezo huko Torquay, Uingereza, mwaka 1872, alituachia kanuni: urefu ukipungua mara 10, mwendo hupungua kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani mara 3.16. Boti ikienda kilomita 15 kwa saa, kielelezo kiende mita 1.3 tu kwa sekunde. Muda nao hufuata: kielelezo kikigeuka kwa sekunde 6, hesabu sekunde 19 kwenye boti.

Uzito hupungua mara 1,000, kwa hiyo mizani isome kilo 4. Hapa ndipo nilipopotea mimi. Kilo zilitimia, lakini betri na farumi yote, yaani vitu vizito vya kutuliza chombo, niliirundika katikati. Kielelezo kikatii kila amri. Boti ilipokamilika, ikianza kugeuka haikutaka kuacha. Uzito wake ulikuwa umetawanyika kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele.

Kwa hiyo, ili kujua uzito wa kielelezo chako umetawanyika vipi, kitundike kwa nyuzi mbili za mita 1, zilizoachana sentimita 50, kitovu cha uzito kikiwa katikati yake. Kisokote kidogo, ukiache, uhesabu: mizunguko 10 ya kwenda na kurudi ichukue kama sekunde 20, ndiyo kawaida ya vyombo vingi. Ikiisha mapema zaidi, sogeza farumi kuelekea ncha zote mbili.

Kisha kipitishe majini upogoupogo. Usukani digrii 10 kulia. Omo ikihama digrii 10, urudishe 10 kushoto, uandike omo imepitiliza digrii ngapi kabla ya kutii. Namba hiyo naithamini kuliko duara lolote.

Jambo moja zaidi. Unato wa maji, yaani ule ukinzani wake wa kutiririka, haupungui pamoja na kielelezo, hivyo maji hukikwaruza zaidi, rafadha, yaani panga la kusukuma chombo, hulazimika kusukuma kwa nguvu, na usukani ulio nyuma yake hupigwa na mkondo mkali kuliko utakaoupata kwenye boti. Usipunguze ubapa wa usukani wa boti kwa sababu tu kielelezo kimetii.