Siri za Chumba cha Ushauri Nasaha: Maswali Yenu

Shangazi ndiye anayenilipia vikao. Sasa anampigia mshauri simu kumuuliza nimesema nini. Ana haki hiyo? (Msomaji, miaka 24, Nakuru)

Hana. Wewe ni mtu mzima, na siri ni yako, hata kama pesa ni zake. Mshauri makini hatakubali hata kwamba anakujua. Atamjibu, "Mama, siwezi kuzungumzia habari za anayekuja hapa wala asiyekuja." Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Shangazi apewe risiti yenye tarehe na kiasi, basi. Mengine umweleze wewe ukipenda.

Nilikutana na mshauri wangu harusini, akapita kama hanijui. Nimemkosea?

Hujamkosea. Angekusalimu, wajomba wangeuliza mnajuana wapi. Ukimsalimia wewe kwanza ataitikia, ila vikao hatavigusia.

Mshauri wangu ananiandikia WhatsApp usiku. Juzi kasema ananipenda, na kusema kweli nami nimeanza kumpenda. (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada yangu, hisia zako si kosa. Mtu akikusikiliza kila wiki bila kukuhukumu, moyo kumwelekea ni kawaida, na wenye taaluma hii hufundishwa kulitarajia jambo hilo. Kosa ni lake. Yeye anajua habari za ndoa yako na machozi yako. Wewe unajua jina lake na namba ya simu. Hapo hamjasimama sawa, hata ukisema umeridhia. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kinawakataza wanachama wake uhusiano wa kingono na mteja, na hata tiba ikiisha, marufuku inaendelea kwa angalau miaka 2. Mimi naona hata hiyo ni michache.

Usizifute jumbe hizo. Zipige picha, simamisha vikao, mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha peleka malalamiko kwa mkuu wa kituo au chama alichosajiliwa. Na tafadhali usiache tiba. Tafuta mtaalamu mwingine.

Kuna siri ambazo mshauri hawezi kuzitunza?

Zipo, na anapaswa kukueleza siku ya kwanza: hatari ya kujiua au kuua, mtoto anayedhulumiwa, amri ya mahakama. Mwaka 1969 huko Berkeley, Marekani, Tatiana Tarasoff aliuawa na kijana aliyekuwa amemwambia mwanasaikolojia wake kwamba angemuua. Polisi walimhoji kijana wakamwachia. Tatiana na wazazi wake hawakuonywa. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumkinga anayetishiwa.

Lakini ukisema "nimechoka na maisha", mshauri hakimbilii simu. Atakuuliza kwa upole kama umepanga lolote, na lini. Akilazimika kusema, atasema linalookoa maisha tu. Ya utotoni mwako yatabaki palepale. Kabla ya kuanza, muulize faili lako linakaa wapi na nani mwingine hulisoma.